Hesabu ya Parafujo

Barafu ya Hilltown haina rangi.
Bi Netta Lornie, mvusha watoto barabarani,
aliikanyaga saa mbili kasorobo asubuhi
na kibao chake cha duara mkononi,
mtoto wa mwisho akiwa ameshavuka.
Hilo alilirudia mara tatu kabla ya sindano ya usingizi:
ameshavuka, yule wa mwisho, mwenye kofia ya njano.

Mguu ulipoteleza aliupelekea mkono usaidie,
mkono nao ukavunjika kwa ukarimu.

Sasa amelala, hapa Dundee, chini ya taa isiyo na kivuli,
nami ndiye mshika vyombo.
Kwetu Korogwe tunaliita jicho la mguu.
Leo jicho limepasuka. Eksirei ukutani
inaonyesha kinu kilichomeguka ukingo,
mchi umehamia pembeni.

Daktari Ogilvie hafungui kwa pupa.
Ngozi, mafuta, halafu ule mshipa mwembamba wa fahamu
anaousogeza kando kama mtu ampishaye mgeni mlangoni.
Anaosha damu iliyoganda ndani ya ufa,
anavuta, anazungusha, anasikiliza kwa vidole,
nampa koleo lenye meno,
vipande vinaingiana:
tk,
sauti ndogo, kama kitasa cha kabati la sahani.

Baba alikuwa seremala. Asingeshangaa humu:
keekee, tindo, nyundo, parafujo, bamba la chuma.
Angeuliza tu mbona mbao inavuja.
Angependa bamba linavyokunjwa kidogo
ili lifuate mfupa, si mfupa ulifuate bamba,
na sheria ya chumba hiki angeitambua:
toboa, pima, pima tena, ndipo ukaze;
kaza kwa vidole viwili, usikaze kwa hasira,
mfupa wa bibi wa miaka sabini na moja
ni mkate wa jana.

Mimi huhesabu kwa Kiswahili, chini ya barakoa,
mwaka wa sita sasa. Moja, mbili.
Leo, mguu ulipobakiza parafujo ya mwisho,
Ogilvie, mzaliwa wa Arbroath, akanitangulia:
"Nane."
Hakuna aliyecheka. Mashine ya pumzi iliendelea kuhema.

Kisha mkono. Kifundo cha mkono ni kazi ya sonara.
Kwa upande wa kiganja, bamba lenye umbo la T,
parafujo fupi zinaubeba uso wa mfupa
kama vidole vibebavyo sinia kutoka chini.
Moja ilizidi.
Kwenye skrini ncha yake ilichungulia mgongoni mwa mfupa,
pale kano za vidole zipitapo kila siku,
na kano hukatika kama kamba ya kisima,
si leo, si kesho,
siku moja tu unashika kitasa na kidole gumba hakiitiki.
Akaitoa. Nikampa ya kumi na sita badala ya kumi na nane.
Milimita mbili. Hakuona haya kurudi nyuma.

Jioni nikampigia mama.
Mkono wake wa kulia uligangwa kwa mabanzi ya mianzi
mwaka niliozaliwa, ukapona upande,
hata leo akikupa chai
kisahani kinakutazama wewe, kikombe kinamtazama jirani.
Nikamweleza bamba, koleo, parafujo zote kumi na saba.
Akanyamaza. Nikadhani ni mtandao.

"Na hivyo vyuma vya watu," akauliza, "atavirudisha lini?"

Harudishi, mama. Ni vyake.

"Harudishi?"

Nikamsikia akihamisha simu
kutoka mkono ule kwenda mkono mwingine.